Rhine, Danube, Douro au Nile: jinsi ya kuchagua njia ya safari ya meli ya mtoni

Anayepanga likizo ya meli ya mtoni kwa mara ya kwanza huuliza maswali yale yale: mto upi ni mzuri kuliko yote, niende mwezi gani, nitalipa kiasi gani, na viza inakuwaje. Yote ni ya msingi na yamejibiwa hapa chini. Lakini swali linaloamua kama pesa yako imekwenda mahali pake ni jingine, na wengi hawaliulizi: meli itapita sehemu nzuri ya mto saa ngapi?

Meli nyingi za mtoni hutembea usiku ili abiria waamke wakiwa kwenye mji mwingine. Kwa anayetaka kutembelea miji, huo ni utaratibu mzuri sana. Kwa anayetaka kukaa sitahani na kutazama milima, ngome na mashamba yakipita taratibu, ni hasara, kwa sababu mto uliopitwa saa nane usiku hukuuona. Kwa hiyo usichague jina la mto. Chagua ratiba.

Mwongozo huu unalinganisha njia nne ambazo msafiri kutoka Afrika Mashariki hukutana nazo mara nyingi: Rhine, Danube, Douro na Nile. Unamfaa pia anayeishi Ulaya au Marekani na anataka kuwapeleka wazazi wake matembezi yasiyo na kupandishapandisha masanduku kwenye treni.

Uwe na vitu hivi kabla ya kuanza

- Pasi ya kusafiria iliyotolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, yenye kurasa mbili tupu, na itakayobaki hai angalau miezi 3 baada ya siku ya kutoka Ulaya.
- Tarehe zinazoweza kusogea wiki mbili mbele au nyuma. Mwenye tarehe moja tu isiyosogea hana cha kuchagua.
- Bajeti ya safari nzima: ndege, viza, bima, hoteli ya usiku mmoja kabla, meli, matembezi na bakshishi.
- Ratiba ya siku kwa siku ya kila safari unayoilinganisha, yenye saa za kuondoka na kufika. Kipeperushi chenye picha hakitoshi. Wakala akishindwa kukupa saa, mwache.
- Ramani kwenye simu, na tovuti yoyote inayoonyesha saa ya jua kuchomoza na kuzama kwa tarehe na mji.
- Karatasi na kalamu.

Hatua ya 1: Jua kipande chenye uzuri cha kila mto

Hakuna mto ulio mzuri mwanzo hadi mwisho. Kila mmoja una kipande chake, na mara nyingi ni kifupi kuliko unavyodhani.

*Rhine.* Njia ya kawaida ni Amsterdam hadi Basel au kinyume chake, usiku 7. Mto wote una urefu wa kilomita 1,230 hivi, lakini kinachouzwa kwenye picha ni korongo la kilomita 65 kati ya Rüdesheim na Koblenz nchini Ujerumani, lililoingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2002. Hapo ndipo penye ngome juu ya kila kilima, mashamba ya mizabibu yaliyopandwa kwenye miteremko mikali, na vijiji vilivyobanwa kati ya mwamba na maji. Kaskazini ya Cologne ni tambarare, viwanda na mashua za mizigo. Kusini, kuelekea Basel, mto umenyooshwa kwa mifereji na malango ya maji (vyumba vya zege vinavyojazwa au kupunguzwa maji ili kupandisha na kushusha meli), na uzuri wake uko mijini: Strasbourg, Colmar, Heidelberg.

Rhine ina msaada ambao wageni wachache huutumia. Kandokando ya mto kuna vibao vyeupe vyenye namba kubwa nyeusi. Hizo ni kilomita zinazohesabiwa kuanzia daraja la Konstanz. Ukiwa korongoni utasoma 526 ukiwa Rüdesheim, 543 Bacharach, 546 Kaub, ambako ngome ya Pfalzgrafenstein imesimama katikati ya maji, 554 kwenye mwamba wa Loreley, 570 Boppard, 580 chini ya ngome ya Marksburg, na 591 ukifika Koblenz. Ziandike kwenye karatasi uweke mfukoni. Hutahitaji kumsubiri mtangazaji wa meli akuambie ugeuke upande gani, wakati ngome yenyewe imeshabaki nyuma.

*Danube.* Njia ya wanaoanza ni Passau, Vienna, Bratislava hadi Budapest, nyingi zikiwa za usiku 7. Kipande chake kizuri ni Wachau nchini Austria, kilomita 36 hivi kati ya Melk na Krems, kilichoingizwa UNESCO mwaka 2000. Melk ina monasteri kubwa ya rangi ya manjano juu ya mwamba. Katikati kuna Dürnstein, mji mdogo wenye mnara wa buluu na magofu ya ngome alikofungwa Mfalme Richard wa Uingereza mwaka 1192. Kipande kingine ni Milango ya Chuma, mpakani mwa Serbia na Romania, ambako mto mpana ghafla hubanwa na majabali. Hicho kiko mbali chini ya Budapest na huingia kwenye safari nyingine kabisa, ile ya Danube ya chini, ambayo ina mambo yake ya viza. Tutayafikia.

Budapest ndiyo sehemu pekee katika orodha hii ambapo giza linakufaa. Jengo la Bunge na madaraja huwashwa taa usiku, na kuyapita kwa meli ni jambo la kukumbukwa. Uliza kama meli inafika au inaondoka baada ya jua kuzama.

*Douro.* Mto huu wa Ureno una sehemu ya kilomita 210 hivi inayopitika kwa meli, kutoka Porto hadi mpaka wa Hispania, na eneo lake la juu lenye mashamba ya mizabibu liliingizwa UNESCO mwaka 2001. Kwa anayetaka mandhari, hapa ndipo pa kuanzia kutazama, kwa sababu moja: meli za abiria hazitembei usiku kwenye Douro. Kila kilomita utakayosafiri, utaisafiri kukiwa na mwanga. Sehemu nzuri kabisa ni kutoka Régua kupitia Pinhão kwenda Pocinho, ambako matuta ya mawe yamepanda kutoka ukingoni hadi kileleni. Njiani kuna malango matano ya maji. Lile la Carrapatelo hupandisha meli mita 35 kwa mara moja: unaingia kwenye shimo la zege lenye ukuta unaotiririka maji pande zote mbili, na baada ya dakika chache unatokea juu kwenye jua. Panda sitahani uone.

*Nile.* Njia ya kawaida ni Luxor hadi Aswan, zaidi kidogo ya kilomita 200. Utaona mitende, mashamba ya miwa, jangwa likianza ghafla nyuma ya kijani, na mahekalu ya Edfu na Kom Ombo karibu kabisa na maji. Ndiyo iliyo karibu zaidi nasi, na ndege za kwenda Cairo zinaruka moja kwa moja kutoka Nairobi, Dar es Salaam na Entebbe. Ubaya wake uko kwenye hesabu ya saa za kusafiri, kama utakavyoona hatua inayofuata.

Hatua ya 2: Hesabu saa za mchana ambazo meli inatembea

Hii ndiyo kazi kubwa. Chora safu nne kwenye karatasi: *kutoka wapi na saa ngapi*, *kwenda wapi na saa ngapi*, *jua linazama saa ngapi*, na *saa za mwanga*. Jaza mstari mmoja kwa kila mwendo wa meli.

Ratiba za meli huandikwa kwa mfumo wa saa 24, hivyo 13:00 ni saa saba mchana na 19:00 ni saa moja jioni. Watu hukosea hapa hasa pale 07:00 inaposomwa haraka kama saa saba.

Mfano wa Rhine. Ratiba ya kwanza inasema meli inatoka Koblenz 13:00 na kufika Rüdesheim 18:30. Mwezi wa Juni jua linazama huko karibu 21:40, kwa hiyo korongo lote utaliona. Ratiba ya pili inasema inatoka Rüdesheim 23:00 na kufika Cologne 07:00. Umelipia korongo, kisha ukalipita umelala. Safari zote mbili zinaweza kuwa na picha ileile ya Loreley kwenye kipeperushi.

Mfano wa Danube. Ukiona meli inaamkia Melk asubuhi ikitokea Vienna, maana yake Wachau imepitwa usiku. Unayoitaka ni ile inayoondoka Melk mchana na kufunga gati Dürnstein au Krems jioni, au inayopanda kutoka Krems baada ya kifungua kinywa.

Mfano wa Nile. Safari ya usiku 4 kutoka Luxor husikika ndefu. Lakini usiku wa kwanza meli kwa kawaida inabaki gatini Luxor, na usiku wa mwisho inabaki gatini Aswan. Katikati kuna siku mbili hivi za kusafiri, na sehemu ya muda huo huishia kwenye foleni ya malango ya Esna. Ile ya usiku 3 kutoka Aswan hubana zaidi. Kama unachotaka ni mto wenyewe, tafuta dahabiya: mashua kubwa ya tanga yenye vyumba vichache, hukokotwa na boti ndogo upepo ukikosekana, hutumia siku nyingi zaidi kwa umbali uleule, na hufunga mahali ambapo meli kubwa haziwezi, kama machimbo ya kale ya Gebel el-Silsila. Ni ghali zaidi kwa usiku mmoja. Kwa mpenda mandhari, inastahili.

Ukimaliza, jumlisha saa za mwanga. Safari ya usiku 7 yenye chini ya saa 15 za mwanga majini ni safari ya miji. Si mbaya, ila ijue hivyo kabla ya kulipa.

Hatua ya 3: Chagua mwelekeo

Meli inayoshuka na mkondo huenda haraka, na inayopanda huenda polepole. Korongo la Rhine huchukua saa tatu hadi nne kwa kushuka kutoka Rüdesheim, na saa tano hadi sita kwa kupanda kutoka Koblenz. Wachau ni karibu saa mbili kwa kushuka na saa tatu kwa kupanda. Kwa hiyo, bei zikiwa sawa, mpenda mandhari achukue Amsterdam kwenda Basel, na kwenye Danube apendelee safari inayopita Wachau ikipanda mto.

Kwa anayetoka Tanzania au Kenya, Rhine ina urahisi mwingine: shirika la ndege la KLM linaruka kwenda Amsterdam kutoka Nairobi, Kilimanjaro na Dar es Salaam. Kata tiketi ya kuingilia Amsterdam na kutokea Zürich au Basel. Ukikata ya kwenda na kurudi Amsterdam, utalazimika kulipa treni ya siku nzima kurudi ulikotoka.

Onyo: fika mji wa kuanzia siku moja kabla. Meli haisubiri ndege iliyochelewa wala sanduku lililopotea.

Hatua ya 4: Chagua mwezi kwa kuangalia maji

Joto na baridi watu hukumbuka kuviangalia. Kina cha maji wanasahau, na ndicho kinachovunja safari.

Rhine kati ya Iffezheim, kusini mwa Ujerumani, na Uholanzi hauna mabwawa ya kushikilia maji, kwa hiyo kiangazi kikiwa kikavu kina hushuka, hasa Agosti hadi Oktoba na wakati mwingine Novemba. Kipimo kinachotazamwa ni cha Kaub. Oktoba 2018 kilishuka hadi sentimita 25, na Agosti 2022 kikakaribia 30. Usitishike na namba hiyo ukidhani ndicho kina chenyewe. Ni alama ya kipimo tu; kina halisi cha njia ya meli ni namba hiyo ukiongeza zaidi ya mita moja. Hata hivyo kipimo kikishuka chini ya 80 hivi, meli huanza kupata shida, na abiria huweza kuhamishiwa kwenye mabasi.

Danube ina pahali pake pabaya: kilomita 70 hivi kati ya Straubing na Vilshofen nchini Ujerumani, ambapo mto haujazuiwa kwa mabwawa. Dawa ni rahisi. Chagua safari inayoanzia Passau au Vilshofen badala ya Regensburg au Nuremberg, na tatizo hilo umelikwepa. Mafuriko ndiyo hatari ya upande wa pili. Juni 2013 maji yalipanda Passau hadi karibu mita 12.9, na Septemba 2024 meli zilisimamishwa Austria baada ya mvua kubwa.

Mosel, tawi la Rhine linaloingia Koblenz, hutunzwa kwa mabwawa na malango, hivyo ukame hauusumbui sana. Ukitaka mizabibu na vijiji vya Ujerumani katika mwezi wa Septemba, safari ya Koblenz, Cochem, Bernkastel hadi Trier ni chaguo salama kuliko Rhine yenyewe, na kwa uzuri haina cha kuonea haya.

Kwa kifupi cha miezi:

- Rhine na Danube: katikati ya Mei hadi mwisho wa Juni. Mchana ni mrefu na maji kwa kawaida yanatosha. Aprili ni baridi sitahani hata jua likiwaka.
- Douro: Mei, Juni, au nusu ya pili ya Septemba, mavuno ya zabibu yakiendelea. Julai na Agosti bonde la juu hufika nyuzi 40.
- Nile: Oktoba hadi Aprili. Maji hudhibitiwa na Bwawa Kuu la Aswan lililokamilika mwaka 1970, kwa hiyo ukame wa msimu si hoja. Juni hadi Agosti joto hupita nyuzi 40, na mahekaluni hakuna kivuli cha kutosha.

Safari za Desemba za masoko ya Krismasi ni nafuu na zina raha yake, lakini jua huzama kati ya 16:00 na 16:30 hivi. Usizichukue kwa ajili ya mandhari.

Hatua ya 5: Linganisha viza kabla ya kulinganisha vyumba

Rhine (Uholanzi, Ujerumani, Ufaransa, Uswisi), Douro (Ureno, Hispania) na Danube ya juu (Ujerumani, Austria, Slovakia, Hungaria) zote ziko ndani ya Schengen, eneo la nchi za Ulaya zinazotumia viza ya pamoja. Viza moja inatosha. Ombi hupelekwa ubalozi wa nchi utakayolala usiku mwingi zaidi, na zikilingana, ile utakayoingia kwanza. Kwenye meli, hesabu mahali inapofunga usiku, na uongeze usiku wa hotelini. Safari ya Amsterdam hadi Basel mara nyingi huangukia Ujerumani, ingawa ndege yako inatua Uholanzi. Hapa ndipo maombi mengi yanapokwama: mtu anaomba Uholanzi kwa sababu ya tiketi, na ratiba ya meli inaonyesha usiku minne Ujerumani.

Ombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na lisipelekwe chini ya siku 15 kabla. Usingoje hata karibu na hapo, kwani miadi ya majira ya joto hujaa mapema. Tangu Juni 2024 ada kwa mtu mzima ni yuro 90, na bima lazima ifikie angalau yuro 30,000 za matibabu. Iombe kampuni ya meli barua yenye majina kama yalivyo kwenye pasi, jina la meli, na orodha ya bandari kwa tarehe.

Danube ya chini ni jambo jingine. Croatia iko Schengen tangu Januari 2023, na Bulgaria na Romania zimo kikamilifu tangu Januari 2025, lakini Serbia haimo. Meli ikitoka Hungaria au Croatia kwenda Novi Sad na Belgrade, umetoka Schengen. Ikiendelea Bulgaria, unaingia upya. Viza ya kuingia mara moja itakuacha Belgrade. Omba ya kuingia mara nyingi, ueleze sababu kwenye barua ya maombi, na thibitisha masharti ya Serbia kwa ubalozi wao kabla ya kulipa chochote.

Nile inahitaji viza ya Misri peke yake, na kwa familia yenye watu wengi huo ni unafuu mkubwa wa muda na makaratasi.

Hatua ya 6: Chagua chumba bila kulipia usichohitaji

Meli za Rhine na Danube zimejengwa kwa kipimo cha malango: upana wa mita 11.4, urefu wa mita 110 au 135. Za Douro ni fupi, kama mita 80. Zote zina sitaha mbili au tatu za vyumba, na sitaha ya wazi juu.

Wauzaji watakusukumia chumba chenye roshani. Fikiri kwanza. Korongoni ngome ziko pande zote mbili, na chumba kinaonyesha upande mmoja. Utakuwa sitaha ya juu na wenzako wote. Tena gatini meli mbili au tatu hufungwa ubavu kwa ubavu, roshani yako ikatazamana na dirisha la mgeni. Kwa Rhine na Danube, chumba cha sitaha ya kati chenye dirisha kubwa la kufunguka kinatosha. Cha sitaha ya chini kina kidirisha kidogo karibu na maji kisichofunguka. Ni nafuu, na anayeingia kulala tu atakifurahia. Epuka vyumba vya nyuma kabisa, kwa sababu ya injini.

Douro ni tofauti kidogo: kwa kuwa meli hutembea mchana tu na jua ni kali, roshani yenye kivuli inatumika kweli.

Jihadhari na safari ndefu ya Amsterdam hadi Budapest kupitia mto Main na mfereji unaouunganisha na Danube, uliofunguliwa mwaka 1992. Ina malango zaidi ya 60 na madaraja ya chini sana. Kwa saa nyingi, hata siku nzima, sitaha ya juu hufungwa na viti hulazwa ili meli ipite. Mpenda mandhari achague nusu moja ya njia hiyo.

Hatua ya 7: Tafuta bei halisi

Bei iliyotangazwa ni ya mtu mmoja ndani ya chumba cha watu wawili. Ukisafiri peke yako utaongezwa, wakati mwingine karibu maradufu. Juu yake weka: matembezi ya nchi kavu kama hayamo, vinywaji, bakshishi (Ulaya hupendekezwa yuro 10 hadi 15 kwa mtu kwa siku), usafiri wa uwanja wa ndege, na hoteli. Kwenye Nile ongeza Abu Simbel, iliyoko kilomita 280 hivi kusini ya Aswan. Mabasi huondoka alfajiri mapema, na mara nyingi haimo kwenye bei.

Ikiwa hesabu imekushinda, kuna njia ya gharama ndogo ambayo haipunguzi uzuri hata kidogo. Panga chumba Bacharach au Boppard usiku tatu, upande boti za mchana zinazofanya kazi korongoni takriban kuanzia Pasaka hadi Oktoba, na urudi kwa treni inayopita kandokando ya mto. Utaliona korongo lote kwa mwanga, ukishuka unapotaka.

Hatua ya 8: Uliza kwa maandishi, kisha ndipo ulipe

Mtumie wakala maswali haya na utunze majibu:

1. Meli inapita (taja kipande chako) tarehe gani, kuanzia saa ngapi hadi saa ngapi?
2. Maji yakipungua au kuzidi, mtafanya nini: kubadilisha meli, mabasi, au kurudisha pesa? Kiasi gani?
3. Chumba namba hii kiko sitaha ipi, na dirisha linafunguka?
4. Viza ikikataliwa, narudishiwa nini, na hadi tarehe gani?
5. Chakula: meli za Ulaya hutumia nguruwe na mvinyo jikoni, na nyama ya halali si kawaida. Samaki na mboga hupatikana. Muislamu aeleze wakati wa kuweka nafasi, tena akumbushe wiki tatu kabla. Kwenye Nile hili si tatizo.

Mambo yakiharibika

*Maji yameshuka wiki ya safari yako.* Kampuni kubwa huwa na meli mbili zinazoelekeana: mnashuka upande mmoja wa sehemu yenye shida, mnapanda basi, mnaingia meli pacha upande wa pili. Chumba huwa kilekile kwa namba. Funga sanduku mapema na ubebe dawa na pasi mkononi.

*Ratiba imebadilishwa na korongo limewekwa usiku.* Mwandikie wakala siku hiyohiyo ukiambatanisha jibu la swali namba 1. Mkiwa tayari njiani, shuka Rüdesheim au Koblenz asubuhi, pita korongo kwa boti ya mchana au treni, na uiwahi meli bandari inayofuata. Mjulishe kwanza meneja wa meli.

*Umeachwa na meli.* Usikodi teksi kwa hofu. Rhine na Danube zina reli karibu njia yote, na treni ni ya haraka kuliko meli. Kila unaposhuka, beba kadi ya meli yenye simu ya mapokezi, na picha ya ratiba ya kesho.

*Hulali.* Rüdesheim treni za mizigo hupita usiku kati ya mji na mto, karibu kabisa na gati. Vizibo vya masikio vya bei ndogo vinatosha. Kama kelele ni ya injini, omba kuhamishwa siku ya kwanza, kabla vyumba vilivyobaki havijagawiwa.

*Wachuuzi wa Esna.* Meli ikisimama kusubiri malango, wauzaji huja kwa mashua ndogo na kurusha vitambaa hadi sitaha ya juu. Usipotaka kununua, kirudishe kitambaa chini bila kukifungua. Ukitaka, patana bei kwanza, kisha weka pesa ndani ya mfuko uleule na uurushe.

*Unaogopa kichefuchefu.* Mtoni hakuna mawimbi ya bahari. Aliyewahi kutapika kwenye boti ya Zanzibar atakunywa chai yake kwenye Rhine bila wasiwasi.